Kazi Moja ya Watu Wasioonana

Kazi ya kijiji twaijua. Daraja likivunjika, mkubwa huita, watu hukusanyika, kila mmoja ajua mwenzake ni mtoto wa nani, na mvivu huonekana saa ile ile. Lakini je, kazi yaweza kwenda sawa ikiwa watu wake ni maelfu, wametawanyika katika nchi nyingi, wengi wao hawajaonana hata mara moja, wala hakuna awezaye kumlazimisha mwenzake? Wengi watajibu upesi: haiwezekani. Kumbe kazi ya namna hiyo ipo, tena wengi wetu twaichukua mfukoni kila siku.

Tunasema juu ya Linux. Ni programu, maana yake maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta ijue la kufanya. Nayo Linux ndiyo kiini kinachosimamia mtambo wote. Kila simu ya Android hufanya kazi kwa kiini hicho, iwe Bukavu, iwe Helsinki. Ilianzia huko Helsinki, mji wa Ufini, mwaka 1991, wakati mwanafunzi wa chuo kikuu aitwaye Linus Torvalds, mwenye miaka 21, alipowatangazia watu kwa intaneti kwamba ameanza kuiandika. Mwaka 1992 akaiweka chini ya leseni inayompa kila mtu ruhusa ya kuitumia, kuisoma, kuibadili na kuigawa, mradi anayeigawa awape wengine ruhusa ile ile pamoja na maandiko yenyewe. Ndiyo maana inaitwa programu huria.

Kazi yenyewe huendaje? Mtu akiona kosa, haingii kulitengeneza apendavyo. Anaandika kiraka, yaani mistari ya kuondoa na mistari ya kutia, halafu anakituma kwa barua-pepe, mbele ya macho ya wote, kwa mtunzaji wa sehemu ile. Mtunzaji hukisoma. Akikikataa, hueleza sababu. Akikikubali, hukipeleka mbele, mkono kwa mkono, mpaka kimfikie Torvalds. Tangu mwaka 2004 kila mkono kinaopitia huacha jina lake chini ya kiraka, kama shahidi kwamba kazi hiyo ina haki ya kutolewa. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, nalo huwa na kazi ya watu zaidi ya elfu moja. Wiki mbili za kwanza ni za kupokea mambo mapya. Zilizobaki ni za kuondoa makosa tu, na aliyechelewa hungoja zamu nyingine. Mwaka 2005 Torvalds alitengeneza pia Git, chombo cha kutunza daftari la mabadiliko. Kila mfanyakazi aweza kuwa na nakala ya daftari zima, na mtu akigeuza neno la zamani kwa siri, alama zake hazipatani tena na za wenzake.

Tusidanganyane, si wote wafanyao kazi hii bure. Siku hizi wengi hulipwa na makampuni makubwa. Lakini kampuni yaweza kumlipa mtu wake, haiwezi kumwamuru mtunzaji akipokee kiraka chake. Na mtunzaji naye hana askari. Akitawala vibaya, leseni yampa kila mtu ruhusa ya kuchukua nakala ya kazi nzima na kwenda zake kuiendeleza kwingine. Basi mkubwa hapa hutii naye, kwa maana ukubwa wake wadumu kadiri wenzake wanavyomwamini. Hata Torvalds aliguswa na jambo hilo. Kwa miaka mingi aliwaandikia wenzake maneno makali mno, na neno la karatasi halina uso wa kulipoza. Mwezi wa Septemba 2018 aliomba radhi mbele ya wote, akakaa kando majuma kadhaa, na kanuni ya mwenendo ikawekwa kwa watu wote wa kazi ile.

Mpaka hapa twaweza kusifu. Lakini imani kati ya wasioonana ina hatari yake, na ilionekana wazi katika kazi nyingine, ndogo kabisa. Ni programu iitwayo xz, ya kubana mafaili yachukue nafasi ndogo. Yatumika katika kompyuta nyingi sana za Linux, na kwa miaka mingi mtu mmoja tu ndiye aliyeitunza, bila mshahara. Mwishoni mwa mwaka 2021 mgeni mmoja, akijiita Jia Tan, alianza kuleta viraka vizuri. Mwaka 2022 watu wengine wasiojulikana wakaanza kumsonga mtunzaji: mbona unachelewa, mbona humpi mwingine kazi? Yule mtu akajibu kwa upole kwamba kwa muda mrefu amekuwa na taabu za nafsi, tena kazi hii aifanya bure katika nafasi yake. Wao hawakunyamaza. Mwishowe mgeni akapewa ufunguo. Wazee wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Safari hii mgeni alileta sumu. Katika matoleo ya Februari na Machi 2024 alificha njia ya kuingilia kompyuta za watu kwa siri.

Aliyegundua ni Andres Freund, fundi wa kampuni ya Microsoft. Hakuna aliyemtuma kuichunguza xz. Alikuwa akipima kazi nyingine, akaona mlango wa kuingilia kompyuta kutoka mbali umechelewa kama nusu sekunde. Wengi wangeliacha jambo dogo kama hilo. Yeye alifuata mpaka akafika kwenye chanzo, na tarehe 29 Machi 2024 akawaambia wote, kabla sumu haijaingia katika matoleo ambayo watu wengi huyatumia. Yule Jia Tan ni nani hasa, mpaka leo hajajulikana.

Labda mtu atasema: mtunzaji alikuwa mjinga, kwa nini alimwamini asiyemjua? Sisi hatukubali. Kama kila mgeni angefukuzwa, Linux ingekuwa bado ya mwanafunzi mmoja. Tena mgeni huyo alifanya kazi njema zaidi ya miaka miwili mbele ya wote. Wengine watalaumu daftari la wazi, lakini daftari la wazi halilindi kitu kama hakuna anayelisoma. Kipande kilichoamsha sumu hakikuwamo hata katika daftari hilo. Kilitiwa katika furushi lililogawiwa, na watu wakalipokea furushi bila kulilinganisha na daftari.

Kosa twaliona kwa wale waliokuwa wakipokea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Makampuni yenye mali nyingi yalisimamisha kazi zao juu ya bega la mtu mmoja aliyechoka, na hakuna aliyeuliza bega hilo likoje. Leseni haikuwadai kitu, ni kweli. Sheria ilikuwa upande wao. Ila anayepokea bure amepewa haki ya kupokea, hakupewa haki ya kuamrisha, na walaghai walipoanza kumwamrisha yule mtu, sauti yao haikumshangaza mtu yeyote. Ilifanana mno na sauti ya watumiaji wa kila siku. Tena angekuwapo mwenzake mmoja wa kweli wa kusoma naye viraka, ufunguo ule usingalitafutwa upesi namna ile.

Baadaye mtunzaji yule alirudi kazini. Aliyapitia maandiko yote yaliyoguswa na mgeni, akaondoa yaliyooza, na mwisho wa Mei 2024 akatoa toleo safi, 5.6.2. Kompyuta nyingi zikalipokea, na wenye kompyuta hizo wengi hawajapata kusikia jina lake.