Fikira ni Deni

Wazee wetu walisema kuwa ahadi ni deni. Mimi nasema kuwa fikira nayo ni deni, na katika insha hii fupi nitajaribu kueleza sababu.

Mwaka 1974 wanakemia wawili katika Marekani, Ari Aviram na Mark Ratner, walichapisha makala juu ya kitu ambacho hapana mtu aliyekuwa amekiunda. Waijua vali ya gurudumu la baiskeli: huuacha upepo uingie, lakini huuzuia usitoke. Wao walisema kuwa molekuli moja, isiyoonekana kwa macho, yaweza kuufanyia umeme vivyo hivyo. Upande wake mmoja uwe mwepesi wa kutoa elektroni, upande wa pili uwe mwepesi wa kuzipokea, na katikati pawe na kiungo cha kuzitenga pande hizo. Kwa hesabu walikadiria jinsi mkondo wa umeme utakavyopita.

Je, hiyo ilikuwa kazi, au ndoto ya watu walioketi vitini? Mwashi asiye na ramani hupoteza mawe na chokaa. Kadhalika mwanakemia achanganyaye dawa bila ya kufikiri hupoteza mali na jasho. Lakini ramani si nyumba, wala hapana awezaye kulala ndani yake. Deni lilibaki. Katika miaka ya 1990 watafiti walipima tabaka jembamba la molekuli za namna hiyo, wakaona umeme ukipita kwa wingi zaidi upande mmoja. Hata hapo hawakushangilia tu, bali walijiuliza: sababu ni molekuli yenyewe, au ni metali iliyoigusa?

Swali hilo ndilo heshima ya elimu. Nimepata kumwona mwanafunzi katika maabara akiifuta tarakimu aliyoipima mwenyewe, akaandika ile iliyomo kitabuni. Nilipomwuliza, alijibu, "Mwalimu, kitabu hakiwezi kukosea." Hakuiba mali ya mtu, lakini alilipa deni kwa fedha bandia.

Basi, msomaji wangu, usiogope kuwaza mambo ambayo hayajakuwapo. Lakini ukisha kuyawaza, yatoe yapimwe. Na kipimo kikiyakana, kubali bila ya kinyongo. Aogopaye fikira yake isipimwe hapendi kweli. Ajipenda nafsi yake tu.