Mlango wa Dharura

Haki ambayo mtu hajui kuitumia, ni haki kweli? Swali hili tumezoea kulisikia kwenye mijadala ya katiba na kura. Mimi nimekutana nalo kwenye kompyuta, nikiweka eneo-kazi jipya juu ya Debian.

Kwa asiyeijua, Debian ni mfumo endeshi wa programu huria. Ndani yake, kile tunachokiona kwenye skrini, yaani menyu, madirisha na aikoni, si mfumo wenyewe. Ni vazi tu, na mavazi yapo mengi: GNOME, KDE Plasma, Xfce, MATE. Kompyuta yangu ni ya zamani, GNOME ilikuwa inaielemea. Basi nikaandika amri moja, apt install xfce4, nikasubiri ipakue, nikatoka, na wakati wa kuingia tena nikachagua Xfce. Mafaili yangu yako palepale. GNOME nayo ipo, sijaifukuza. Nikiitaka kesho naichagua.

Uhuru huu haukuja hivihivi. KDE ilianza mwaka 1996, ikijengwa kwa zana iitwayo Qt, ambayo leseni yake wakati ule haikuwa huria. Ilipatikana bila malipo, lakini wapo waliosema bure haitoshi: huwezi kujenga nyumba ya wote kwenye kiwanja cha mtu. Mwaka 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena wakaanzisha GNOME. Mwaka 2000 Qt nayo ikatolewa kwa leseni huria ya GPL.

Halafu mwaka 2011 GNOME yenyewe ikabadili sura kabisa katika toleo la 3. Walioikataa sura ile hawakuishia kulalamika. Mtumiaji mmoja wa Argentina alichukua msimbo wa toleo la 2, akauendeleza kwa jina la MATE, na wengine wakajiunga naye.

Sasa hebu tuseme ukweli. Muuza duka, mwalimu, hata wanahabari wenzangu wengi, hawajawahi kuandika amri hata moja kwenye kompyuta, na muda wa kujifunza hawana. Mtu akiniambia huu ni uhuru wa wenye ujuzi na nafasi, sina haraka ya kumbishia. Kumwambia asiyejua kusoma kwamba maktaba iko wazi ni kama kumkejeli.

Ila nadhani hoja hiyo inakosea mahali pamoja: inaipima haki kwa idadi ya wanaoitumia kwa mikono yao. Wengi wanaotumia MATE hawajaandika hata mstari mmoja wa msimbo wake. Wanafaidi ukaidi wa wachache walioweza na walioruhusiwa. Mlango wa dharura kwenye basi haudai kila abiria ajue kuufungua. Unadai usipigwe kufuli, na ndani awemo anayejua.

Na huyo anayejua ana deni. Leseni huria inampa kila mtu ruhusa, lakini ujuzi haumo ndani ya leseni. Ujuzi tunapeana wenyewe: kukaa na jirani saa nzima, bila kumcheka, bila kumnyang'anya kibodi, mpaka achague mwenyewe vazi la kompyuta yake. Abiria asiyefundishwa, mlango ule kwake ni ukuta tu.