Haki ya Asiyekuwapo

Asiyekuwapo na lake halipo. Ndivyo isemavyo methali, na katika karamu na mirathi maneno hayo ni kweli tupu: chakula huliwa na waliofika, na shamba hugawanywa na waliohudhuria. Lakini methali hiyo hueleza jinsi walimwengu wanavyotenda. Haisemi kwamba ndivyo iwapasavyo kutenda. Swali la kale lingalipo: mtu asiyeonekana, asiyeweza kudai wala kulaumu, ana haki gani kwa yule aliyeshika kitu chake mkononi? Jibu laweza kutafutwa katika vitabu vikubwa. Laweza pia kutafutwa katika kazi ndogo ya seremala.

Mfano ni huu. Ngerengere ni mji mdogo wa reli, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, nao una jina moja na mto ushukao katika milima hiyo, ukapita Morogoro na kwenda kuungana na Ruvu. Na iwe kwamba katika mji huo yupo mtu anayetaka kumpelekea nduguye injini ya pikipiki. Ndugu huyo ni dereva wa bodaboda huko Kigoma. Injini yake imekufa, na akiba yake yote imekwisha katika kununua hii. Kati ya ndugu hawa wawili pana safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, maghala, matingo na wachukuzi ambao hakuna awajuaye. Seremala anaitwa na kuambiwa atengeneze kasha.

Seremala wa kwanza hupigilia mbao sita kwa misumari, huiweka injini ndani, husindika majani makavu pembeni, kisha huandika juu ya kifuniko kwa rangi nyekundu: Shika polepole, juu ni huku. Kazi yake hupendeza macho, naye hulipwa.

Seremala wa pili hukawia. Kwanza hutaka mafuta na petroli vimwagwe, visije vikavuja na kuharibu unga wa mtu mwingine katika behewa lilo hilo. Matundu ya kuingizia hewa na kutolea moshi huyaziba, mchanga usiingie. Haiketishi injini juu ya tumbo lake, kwa kuwa ganda lake ni jembamba na hupasuka likigongwa. Huifunga kwa bolti katika mbao mbili nene, akitumia masikio yale yale yaliyoishika katika fremu ya pikipiki. Huacha nafasi pande zote ili ukuta wa kasha ukigongwa usiguse injini. Kila ubavu huutia ubao wa mshazari, maana kasha lisilo na mshazari hupinda kama mlango mbovu. Penye uzito hutumia skrubu, kwa sababu msumari hung'oka kwa kutikiswa. Mwisho huweka vipande viwili vya mbao chini ya sakafu, ili mikono ya mchukuzi ipate pa kupita.

Tofauti ya mafundi hawa si ya ustadi peke yake. Maandishi ya seremala wa kwanza ni ombi, na kwa ombi hilo ameuhamisha wajibu wake kuutia mgongoni mwa mchukuzi. Injini ikifika imepasuka atasema, “Niliandika.” Lakini mchukuzi hulipokea kasha usiku, mvua ikinyesha, akiwa amekwisha kubeba mizigo mingi tangu asubuhi. Kasha linalohitaji kubebwa na malaika halikutengenezwa kwa ajili ya safari za wanadamu.

Yamkini mtu atapinga na kusema kwamba kumjengea mchukuzi kasha la kuhimili kuangushwa ni kumdhania mabaya kabla hajatenda. Hoja hii ina uzito, lakini haisimami. Mwenye dhana mbaya hutafuta wa kulaumiwa. Seremala wa pili hutafuta lawama isiwe na mtu wa kumwangukia. Amemhesabu mchukuzi kuwa mwanadamu, na mwanadamu huchoka. Kasha imara humsamehe mchukuzi kabla hajakosa, na msamaha wa namna hiyo ni bora kuliko ule utolewao baada ya hasara. Wala haifai kupita kiasi: kasha zito mno humwongezea maskini nauli na huuvunja mgongo ule ule uliokusudiwa kuhurumiwa. Haki ya asiyekuwapo hupimwa kwa mizani, haimwagwi kama maji.

Wala asiyekuwapo si mpokeaji peke yake. Kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 2002 huagiza mbao nene za makasha yavukayo mipaka zitiwe joto mpaka kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, au zitibiwe kwa njia nyingine iliyokubaliwa, kisha zipigwe chapa. Sababu yake ni wadudu wajifichao katika mbao, ambao wakifika ugenini huweza kuangamiza misitu. Basi mtu akipigilia ubao mjini kwake, huenda akawa amegusa msitu asioujua.

Reli ipitayo Ngerengere ilipata kuchukua makasha mengi yenye fundisho zaidi ya hilo. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli iliyoitwa Graf von Goetzen huko Papenburg, wakaifungua vipande vipande na kuitia katika makasha yapatayo 5,000. Yaliletwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha yakapelekwa Kigoma kwa reli, na mwaka 1915 meli ikashushwa katika ziwa Tanganyika. Mwaka 1916, walipokuwa wanashindwa vitani, Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 walikuta injini bado zafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi safarini kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi ilichukua watu wa mwambao wa ziwa, samaki wao na mizigo yao.

Hadithi hii haifai kupambwa. Meli hiyo ililetwa kutumikia utawala wa wageni na kufanya vita, na grisi haihalalishi vita. Mafundi wale walitumaini kwamba itaokolewa na watu wao. Hawakuwa wakiwatendea hisani adui zao wala abiria ambao hawajazaliwa. Hata hivyo tendo lao lilikwenda mbali kuliko nia yao. Anayehifadhi kitu vizuri hawezi kumchagua atakayefaidika, na anayekihifadhi vibaya hawezi kumchagua atakayeumia.

Basi haki ya asiyekuwapo yatoka wapi? Yatoka katika udhaifu wake. Aliyepo hujilinda kwa macho yake na kwa ulimi wake: huona ubao mbovu akaukataa, husikia bei ya hila akabishana. Asiyekuwapo hana mlinzi ila dhamiri ya aliyepo. Kwa hiyo kutokuwapo kwake hakupunguzi wajibu. Huuzidisha, na kila anapokuwa mbali zaidi ndipo wajibu unapokuwa mzito zaidi.

Kazi ya seremala wa pili haina sifa. Kasha likifika salama hakuna aliulizaye habari zake. Hubanduliwa kwa nyundo, na mbao zake huwa rafu ya vyombo au kuni. Huko Kigoma mtu hufunga injini katika pikipiki yake, huipiga teke mara mbili, ikanguruma, naye akaenda kutafuta abiria. Jina la seremala halijui, na seremala hatausikia mngurumo huo. Lakini lake asiyekuwapo limefika.