Orodha Mbili, Wimbo Mmoja

Kisa hiki ni cha mfano, ila hakuna hatua ndani yake isiyoweza kumpata yeyote anayehifadhi muziki wake.

Mzee mmoja wa Mombasa ana kompyuta iliyojaa tarabu. Nyingi amezihamisha mwenyewe kutoka kwenye kaseti: nyimbo zilizorekodiwa harusini, watu wakituza na vigelegele vikipigwa, ambazo hazipatikani katika duka lolote la mtandaoni. Amezipanga katika orodha, za harusi mbali, za mafumbo mbali. Anapata simu mpya, anaihamishia nyimbo kwa waya, kisha anawasha huduma ya kuhifadhi muziki kwenye wingu. Simu inamuuliza: muziki uliomo uunganishwe na ule wa wingu, au ufutwe upishe ule wa wingu? Anachagua kuunganisha, maana hapo hakuna kinachopotea. Kulipokucha kila orodha ina pacha wake.

Sisi huitambua orodha kwa jina, lakini programu huitambua kwa namba yake iliyofichwa. “Harusi” iliyopandishwa winguni na kompyuta ikiwa na namba moja, na “Harusi” iliyoletwa na simu ikawa na nyingine, wingu huzihesabu kuwa mbili na kuzisambaza zote kwenye kila kifaa.

Mpaka hapo hakuna kilichoharibika. Balaa huanzia kwenye pupa ya kusafisha.

“Mjomba, usifute kwanza,” mpwa wake anamwambia.

“Nafuta pacha tu, mwanangu. Yule mwenyewe namwacha.”

Anafungua orodha ya pili, anachagua nyimbo zote, anaamuru zifutwe kwenye maktaba. Kompyuta inamuuliza kama faili nazo ziende kwenye pipa la taka. Anakubali, apate nafasi, kisha analimwaga pipa. Akirudi kwenye orodha ya kwanza, nayo ni tupu. Orodha haibebi nyimbo ndani yake, huonyesha tu zilipo. Pacha wawili walikuwa wakielekeza kwenye faili ileile. Na kwa kuwa kazi ya kusawazisha ni kufanya vifaa vyote vifanane, ufutaji ule ukasafiri hadi winguni na kwenye simu. Hata akirudisha faili la zamani la maktaba, majina yatarudi yakiwa na alama ya mshangao pembeni: programu inaujua wimbo, lakini haioni ulipo.

Wengi huamini kwamba kilichopo winguni kimehifadhiwa. Apple Music ilipoanza, tarehe 30 Juni 2015, maktaba yake ya wingu ilizua vilio vingi. Mwezi uliofuata mwandishi wa habari za teknolojia Jim Dalrymple alieleza hadharani kwamba nyimbo zake zipatazo 4,700 zimepotea. Baadaye alirudishiwa nyingi, si zote. Apple yenyewe huwaambia wateja kwamba maktaba ile si huduma ya nakala rudufu. Onyo hilo halina budi kuzingatiwa kuliko jingine lolote, hasa na sisi wenye muziki wa kaseti. Wimbo wa kununua utanunuliwa tena. Sauti ya bibi yako akiimba kwenye harusi ya mama yako utainunua wapi?

Ukiona mapacha, basi, zima usawazishaji kwenye vifaa vyote kabla ya kugusa kitu. Nakili folda nzima ya muziki kwenye diski ya nje, uichomoe. Kisha chagua kifaa kimoja kiwe ndicho mama, na aghalabu ni ile kompyuta yenye faili asilia. Linganisha orodha mbili kwa idadi ya nyimbo, maana pengine pacha ana wimbo ambao mwenzake hana. Ukiridhika, futa orodha yenyewe kwa jina lake, wala usiguse nyimbo zilizomo. Washa wingu kwenye kompyuta, uliache limalize, hata likichukua usiku mzima. Simu ifuate, na swali lile likija tena, safari hii ruhusu wingu lichukue nafasi, mradi umehakikisha simu haina wimbo wake peke yake. Kishikwambi kilichokaa kabatini miezi bila intaneti kiwashwe mwisho, kwa sababu bado kinazikumbuka orodha ulizozifuta na kinaweza kuzirudisha.