Mwenye Nyumba Naye Ni Mpangaji

Somo: Walawi 25:23, Kumbukumbu la Torati 24:10–13

Leo naongea na watu wa ploti. Wewe uliyechukua mkopo wa sacco ukajenga vyumba vinane, wewe mama mwenye vyumba viwili vya mabati nyuma ya nyumba yako, na mimi pia nimo, maana nina vyumba vinne vinavyonisaidia na karo. Kujenga si dhambi. Lakini nauliza: unakaa na wapangaji wako namna gani?

Katika Walawi, Mungu anawaambia Israeli kwamba ardhi ni yake, na wao ni wageni wanaokaa kwake. Kumbe hata mwenye hati ya shamba ni mpangaji! Hebu hesabu miaka ambayo umepumua hewa ya Mungu. Deni lako ni ngapi? Na bado hajakufungia mlango.

Sasa tuende Kumbukumbu. Mtu amekopa, mdai anataka rehani. Mungu anamwambia mdai asiingie nyumbani mwa mwenzake. Asimame nje, aletewe. Na kama maskini ameweka nguo yake, arudishiwe jua likizama, apate kujifunika usiku. Ona, Mungu hakufuta deni. Mpangaji, lipa kodi! Nasikia wenye ploti wakisema amina kubwa. Ngojeni kwanza. Deni lipo, lakini Mungu ameweka mpaka mlangoni.

Wengine wetu tarehe tano ikipita, tunapeleka kufuli. Wengine wanang'oa mlango. Mtoto anatoka shule na sare yake, anakuta pamefungwa na unga uko ndani. Hata sheria ya Kenya haitaki umtoe mtu kwa nguvu zako. Inataka notisi, na akikataa, uende kortini. Je, serikali iwe na huruma kuliko aliyeokoka? Mwite mpangaji, mketi, muandike atalipa nusu lini na nusu lini. Akishindwa kabisa, mpe notisi, aondoke na vyombo vyake na heshima yake.

Pili, dipoziti. Hiyo ni amana, si yako. Usiinunulie saruji, halafu siku ya kuhama unaanza kutafuta tundu la msumari ukutani ndio ukate pesa. Iweke kando. Mpangaji akiingia, kagueni chumba pamoja na muandike. Akitoka, kagueni tena.

Tatu, ushuru. Tangu Januari 2024, anayepokea kodi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa KRA asilimia 7.5 ya kodi yote, kabla ya kutoa gharama, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Vyumba vinane vya 5,000 ni 40,000 kwa mwezi. Ushuru ni 3,000. Ndugu, unatoa fungu la kumi ukiimba, halafu 3,000 ya Kaisari unaficha?

Wiki hii, kabla hujapiga simu kuitisha kodi, piga magoti kwanza. Mwambie Mungu, "Baba, hii nyumba ni yako, nifundishe kuishika." Kwa maana siku inakuja, Mwenye Nyumba ataitisha funguo zake, nasi tutatoa hesabu.

Mungu awabariki. Amina.