Tumwachie Mama Uhuru Wake

Msiba ukitokea Kabondo-Dianda, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sifa za marehemu huanza kupangwa kabla kaburi halijachimbwa. Mama aliyekuwa akiimba huku akisonga bukari, aliyemwachia jirani kapu lake la samaki wa Upemba kituoni ili awahi ngoma ya arusi, ghafla anageuzwa kuwa mama mtulivu, asiyetoka nyumbani, asiyepaza sauti. Wanaosema hivyo hawana nia mbaya. Wanamsitiri marehemu wao. Lakini mama huyo anazikwa mara mbili: kwanza mwili, kisha tabia.

Tunadaiwa nini, basi, na mtu aliyeishi kwa uhuru? Alipokuwa hai aliweza kuyakataa maneno ya watu. Alikaripiwa, akacheka, akaendelea kucheza. Uwezo huo wa kukataa ndio uliokuwa uhuru wake. Kifo kimempokonya, na neno la mwisho limebaki mikononi mwetu. Kumkumbuka mtu ni kuwa na mamlaka juu yake, na mamlaka yasiyo na mipaka huzaa dhuluma.

Waluba, watu wa eneo hilo, walilitafakari jambo hili zamani. Chama cha Mbudye, kilichotunza historia ya ufalme wao, kilikuwa na lukasa: ubao wa kushikwa mkononi, uliojaa shanga na simbi au alama za kuchonga. Mjuzi aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu yake huku akisimulia na kuimba. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo uliweza kuwa mfalme na watu wake. Wajuzi wawili hawakusimulia sawasawa, na hata mjuzi yule yule alibadili masimulizi kulingana na tukio na waliokuwa wakimsikiliza. Hata hivyo, ubao ulibaki ule ule.

Humo naona sheria mbili za kumkumbuka mama. Ya kwanza ni kwamba shanga haziguswi. Aliimba, alicheza, alizaa, alifanya biashara, aligombana na wakwe: hayo yalitokea, na hakuna mwenye ruhusa ya kuyang’oa kwa sababu yanamtia aibu. Ya pili ni kwamba maana yake haifungwi. Binti atayasoma kwa namna yake leo, na kwa namna nyingine atakapokuwa mama.

Mtu atauliza: kwa nini tuhangaike hivyo, wakati sauti ya mama imo ndani ya simu? Tutazame yaliyotokea Kamina, mji mwingine wa Waluba. Mwaka 1958 kwaya iliyoongozwa na Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, iliimba misa iitwayo Missa Luba. Kyrie yake ilifuata mtindo wa kasala, wimbo wa kuwalilia na kuwasifu wafu. Misa hiyo haikuanzia kwenye karatasi. Wanakwaya waliitunga kwa kuiimba, kila mmoja akiongeza chake. Ikarekodiwa kwenye santuri, na mwaka 1968 Sanctus yake ikasikika katika filamu ya Uingereza iitwayo If.... Tunashukuru kwamba ilihifadhiwa. Lakini santuri huimba vile vile kila siku, na waimbaji wale hawakuwa hivyo. Kinasa sauti huhifadhi wimbo mmoja wa mama. Uwezo wake wa kuubadilisha kesho yake hakiuhifadhi. Huo unaishi tu kwa mwanawe anayethubutu kuimba kwa koo lake mwenyewe.

Kuna pingamizi lililo zito zaidi. Uhuru wa mama huweza kuwa na gharama, na wanaoilipa mara nyingi ni watoto waliolala wakimsubiri. Je, nao wamsifu? Hapana, hawalazimiki. Usiku ule wa kumsubiri nao ni ushanga, na anayeung’oa anamdhulumu mtoto kama vile anayefuta ngoma anavyomdhulumu mama. Kumwachia mtu uhuru wake ni kukubali kwamba alichagua mwenyewe, na kwamba machaguo yake yalikuwa na uzito. Mtakatifu wa kubuni hahitaji kusamehewa. Mama wa kweli anaweza kusamehewa, na kwa hiyo anaweza kupendwa.

Nanyi mnaoketi kilioni leo, kule Kabondo-Dianda au popote mlipo, msiogope. Akisimama mzee kusema kwamba marehemu alikuwa mtu wa kukaa kimya, mwacheni amalize kwa heshima, kisha mmoja wenu aseme ukweli: mama yetu alipenda ngoma, na hakuwahi kuomba ruhusa ya kucheza. Sifa ya uongo humstarehesha anayeitoa. Haki ya marehemu ni kutajwa kama alivyokuwa.