Maneno Yalifika, Nguo Zikabaki Njiani

"Mwanangu, haya ni maneno yangu au yako?" Mzee alinipigia simu asubuhi na mapema. Sikuwa na jibu.

Nilikuwa nimemhoji kuhusu shamba la urithi. Kauli zake niliziandika kwa italiki, zile herufi za kulala, na zangu nikaziacha wima. Alama za kunukuu sikuweka. Niliona italiki zinapendeza zaidi. Nikanakili, nikabandika kwenye mfumo wa chumba cha habari, nikaenda kulala. Kumbe italiki zote zilipotea. Dhana yangu kwamba mdogo wake amemdhulumu ikasomeka kama kauli yake. Wiki nzima mdogo mtu hakupokea simu zake.

Kulaumu kompyuta ni rahisi. Lakini kwa kompyuta, herufi ni namba tu: A kubwa ni 65, iwe nene, imelala au ina rangi nyekundu. Unene na mlalo ni maagizo ya pembeni, na kila programu ina namna yake ya kuyaandika. Unaponakili, mara nyingi programu huweka matoleo kadhaa ya maandishi yaleyale: moja lina maagizo, jingine ni herufi tupu. Programu inayopokea huchagua inaloliweza. Isipoelewa maagizo, au ikiwa imepangwa kuyakataa, hubeba herufi tupu. Hakuna aliyeiba kitu.

Alama ya kunukuu, yenyewe, ina namba yake: 34. Inasafiri pamoja na maneno. Hata mkato ambao malenga hutengea ukwapi na utao unafika salama. Mimi nilitenga ukweli na dhana kwa vazi.

Je, asiyejua haya ana hatia? Kwa kutojua, hapana. Lakini mtu akikupa neno lake amekupa amana, na amana haiishii mlangoni kwako. Unaifuata mpaka inapofika. Mimi sikufungua ukurasa hata mara moja baada ya kubandika. Hapo ndipo kosa langu lilipo, wala si kwenye programu yoyote.

Tulichapisha masahihisho, mistari miwili. Nikaenda kumwomba mzee radhi, kisha nikampigia mdogo wake mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Sasa waliosoma ya kwanza, watayasoma na haya?"